Waranti Haihusu Kutu

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu hapana kwa upole. Dawati langu lilikuwa nyuma kabisa ya duka, ukishapita mafriji na kabla hujafika chooni, na juu yake kulining'inia kibao cha lugha tatu kikisema hapo ndipo pa huduma baada ya mauzo. Lilikuwa duka la vyombo vya nyumbani, mwendo wa dakika chache kutoka makutano ya Sonatubes jijini Kigali, na mtu akija kulalamika nilimwona tangu anashuka kwenye pikipiki. Mikono ndiyo iliyonijulisha. Anayekuja kununua huja mikono mitupu. Anayekuja kwangu hubeba kitu kilichofungwa kwenye mfuko.

Nilikuwa nimetoka Mwanza na diploma ya biashara. Bosi alinichukua kwa sababu ya Kiswahili na Kiingereza changu, na kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, nina uso ambao mtu anaona aibu kuupigia kelele. Kinyarwanda kilinijia polepole. Neno la kwanza nililoweza kulitamka bila kuchekwa lilikuwa "mwihangane", yaani vumilieni, na kwa siku nililitaja mara nyingi kuliko jina langu.

Birika za umeme ziliharibika, blenda ziliungua, pasi zilikataa kupata moto. Hayo yote nilikuwa nayazoea. Kilichonishinda ni majiko ya gesi ya kuchomea nyama.

Mzigo wa kwanza wa majiko hayo uliingia mwaka nilioanza kazi. Yalikuwa mazito mno. Vijana wanne wa stoo walikuwa wakilishusha jiko moja huku wakisemezana kama wanaobeba piano. Mfuniko wake ulikuwa wa chuma cha kumimina, ukiuachia ulifunga kwa sauti ya mlango wa benki. Ndani yake mabomba ya moto, yale yenye matundu ambamo gesi hupita ikawaka, yalikuwa manene kama kidole gumba changu. Katika mzigo ule hakuna hata mteja mmoja aliyenijia.

Mzigo wa tatu au wa nne ulipokuja, boksi lilikuwa lilelile, picha ileile ya familia inayocheka, jina lilelile. Bei ilikuwa imepanda. Siku hiyo niliombwa nisaidie kupanga dukani, nikauinua mfuniko kwa vidole viwili. Nikamtazama kijana wa stoo, naye akanitazama. Akagonga ubavu wa jiko kwa kucha, likalia kama bati la biskuti.

"Wamelipunguza," akasema.

"Labda ni teknolojia," nikamjibu, kwa sababu asubuhi ile bosi alikuwa ametuambia tuwaambie wateja kwamba ni teknolojia.

Nadhani mimi ndiye mtu pekee mjini Kigali aliyewahi kukisoma kile kijitabu cha waranti mwanzo hadi mwisho. Jalada lilisema miaka mitano kwa herufi kubwa. Ndani, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, miaka mitano ilikuwa ya mfuniko tu, tena ukipasuka. Mabomba ya moto yalikuwa na miaka miwili. Vingine vyote mwaka mmoja. Kisha ikafuata orodha ya mambo yasiyohusika: kutu, kubadilika rangi kwa sababu ya joto, mafuta ya nyama, upepo, mvua, na utando wa buibui. Buibui walitajwa kabisa. Nilijiuliza jiko lisiloruhusiwa kupata joto, mafuta wala mvua litachomea nyama wapi. Lakini sikuulizwa maoni. Nilikuwa nakariri tu.

Mama mmoja alikuja siku ya Jumanne, mvua za masika zikiwa zimeanza. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mtandio wa kijani, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, na tepu ya kupimia nguo bado ikiwa shingoni kama aliyeondoka kazini kwa haraka. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Nyamirambo. Aliweka juu ya dawati langu kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye kipande cha kitenge, akakifungua taratibu. Kilikuwa bomba la moto, limekatika katikati, na pale lilipokatika palikuwa pamelika kama kitambaa kilicholiwa na nondo.

"Mwanangu, hii kitu imekufa," akasema. "Iko na mwaka moja na miezi nne. Hapa mulisema garanti ni myaka tano."

Nilianza wimbo wangu. Mfuniko ndio wenye miaka mitano, mabomba ni miwili. Hapo akatabasamu, kwa sababu mwaka mmoja na miezi minne ni pungufu ya miaka miwili, na hesabu hiyo aliijua kabla hajapanda pikipiki.

"Sawa, hii ni bomba," akasema.

"Ndiyo, mama. Lakini hii ni kutu. Waranti haihusu kutu."

Akalitazama bomba. Akavaa miwani, akalitazama tena.

"Kama haina kutu, itakatika na nini?"

 Nikamwomba risiti. Akaitoa kwenye kijibahasha alichokishona mwenyewe kwa kazi hiyo, kwa sababu alikuwa mtu wa utaratibu. "Fagitire hii hapa." Ilikuwa nyeupe pande zote mbili. Zile karatasi za mashine ya risiti hufutika, hasa ukiziweka karibu na joto, na yeye alikuwa ameitunza kwenye droo ya chini ya meza anayopigia pasi. Kijitabu kilidai risiti inayosomeka. Mama aliigeuza, akaigeuza tena, na kwa mara ya kwanza uso wake ukapoteza ile raha ya kushinda hoja.

"Nilitunza," akasema kwa sauti ya chini.

Hapo ndipo nilipokosea, kama kweli lilikuwa kosa. Nilipaswa kusema mwihangane na kumwita anayefuata. Badala yake nilifungua kompyuta, nikatafuta kwa namba yake ya simu, nikayakuta mauzo yake, nikaichapisha risiti upya. Nikamwambia tutawaandikia waliotengeneza jiko. Sikumwambia kwamba tangu niajiriwe hakuna barua pepe ya aina hiyo niliyowahi kujibiwa na binadamu.

Waliotengeneza walitaka picha sita na namba ya jiko. Mama akaniambia namba hiyo haioni. Nikamwelekeza kwa simu: iko kwenye stika, chini ya jiko, karibu na trei ya mafuta. Nikasikia akiinama na kuguna kidogo, kisha akarudi hewani. "Stika iko. Namba imeungua." Walikuwa wameibandika mahali ambapo mafuta ya moto hudondokea.

Basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, ulipokwisha na barabara kufunguliwa, nikapanda pikipiki hadi Nyamirambo kuliangalia mwenyewe. Hayakuwa majukumu yangu. Nilijiambia naenda kupiga picha tu.

Nyumba yao ilikuwa kwenye kilima, yenye uwanja mdogo wa saruji uliotazama mabati ya watu wa chini. Jiko lilisimama pembeni, mfuniko umefunuliwa, na kando yake ameketi mume wa mama yule. Alikuwa dereva mstaafu wa malori, mwembamba, mwenye shati lililonyooshwa vizuri kuliko shati lolote nililoliona Kigali. Aliposikia ninatoka Mwanza aliinuka kunisalimia. Alikuwa amekwenda Dar es Salaam na kurudi kwa zaidi ya miaka ishirini, na Kiswahili chake kilikuwa cha njia ile: kidogo cha Kahama, kidogo cha Singida, kidogo cha Morogoro.

"Nyama nimejifunzia huko kwenu," akaniambia. "Dereva akilala njiani lazima ale. Nikawa nachoma mwenyewe, maana wengine walikuwa wanaunguza."

Mkewe ndiye aliyenieleza mengine, tukiwa tumeinama pamoja kutafuta namba. Tangu astaafu, mzee alikuwa akichoma nyama kila Jumapili kwa mkaa, watoto na majirani wakija kula. Kisha kifua kikamsumbua. Daktari akamwambia moshi hapana. Watoto wao walio nje wakachanga, wakawaambia wanunue jiko la gesi ili baba aendelee na starehe yake. Mwaka mmoja mambo yakawa mazuri. Sasa jiko limekufa, na wiki iliyopita alimkuta mzee nyuma ya nyumba na jiko la mkaa, amejificha kama mtoto anayekula sukari.

"Sikujificha," mzee akasema kutoka kitini kwake. "Nilikuwa nakwepa upepo." Kisha akakohoa, na kikohozi kile kilikaa kirefu kuliko mzaha.

Namba hatukuipata. Lakini nikiwa nimepiga magoti pale, mama alinionyesha jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka yote ya kuuza majiko yale. Aliweka kidole pale miguu ilipokutana na sanduku la jiko. Badala ya kuchomelewa mstari mzima, bati lilikuwa limeshikizwa kwa vidonda vitatu vidogo vya kuchomelea.

"Hii ni kupiga bandi," akasema. Ndivyo mafundi cherehani wanavyoita kushikiza nguo kwa mshono wa muda, kabla ya mshono wenyewe. "Mtu amepiga bandi, akasahau kushona. Mimi nikikupa gauni hivi, utarudi?"

"Nitarudi kukuvunjia cherehani, mama."

Akacheka sana, akaniletea chai.

Nilituma picha bila namba. Siku ya pili nilijibiwa na kitu kilichojiita msaidizi, kikaniuliza kama nimejaribu kuzima jiko na kuliwasha tena. Nikaandika tena. Kikanishukuru kwa uvumilivu wangu. Nikaandika mara ya tatu, safari hii kwa hasira iliyovaa tai, na baada ya wiki tatu akajibu mtu, au kitu kilichojifunza kuandika kama mtu. Alisema tatizo linaonekana kuwa kutu, na kwamba kutu haihusiki. Hata hivyo, kwa nia njema, watatuma bomba jipya bila malipo.

Nilimpigia mama palepale. Nikasikia akimwita mumewe, kisha wote wawili wakaongea na mimi kwa pamoja.

Bomba lilichukua wiki sita nyingine kufika. Nililibeba mwenyewe hadi Nyamirambo, nikiwa na furaha kama niliyelitengeneza. Mzee alikuwa amesafisha jiko lote na kupanga spana zake juu ya gazeti. Akalichukua bomba, akaliingiza, likagoma. Akaligeuza. Likagoma. Lilikuwa la jiko lingine kubwa zaidi, na ukililazimisha lilitokeza ubavuni kiasi cha kiganja, kama ulimi wa mbwa aliyekimbia.

 Mzee alifuta spana moja moja, akazirudisha kwenye kisanduku. Nilijisikia vibaya kwa namna ambayo sikuwahi kujisikia pale dawatini. Dawatini kuna meza katikati. Hapa nilikuwa nimekaa kwenye kiti chao, nimeshika kikombe chao.

"Mama," nikasema, "kesho nina mapumziko. Twende Gisozi."

Agakiriro ya Gisozi ni mahali ambapo Kigali nzima huenda kutengenezewa vitanda, makabati, madirisha na mageti. Ukiingia upande wa mbao unanusa mninga na gundi. Ukiingia upande wa chuma masikio yanaziba. Tulizunguka kwa mafundi watatu. Wa kwanza alisema gesi hachezi nayo. Wa pili alisema anaweza, lakini alisema haraka mno, mama akanivuta mkono tukaondoka. Wa tatu alikuwa baba mtu mzima mwenye miwani nyeusi iliyopandishwa kwenye paji la uso. Alilichukua bomba lililokatika, akalipasua zaidi kwa koleo, akalifungua kama ganda la ndizi, akatupa vipande kwenye sinia.

"Hii ni nyembamba kuliko kopo la maziwa," akasema. "Nani ametengeneza?"

Mama akanitazama. Nikatazama mageti.

Fundi alituuliza maswali mengi, jambo lililompendeza mama. Matundu yalikuwa mangapi, yakitazama wapi, moto ulikuwa na rangi gani jiko likiwa jipya. Mama alikuwa amelipima bomba lote kwa tepu yake kabla halijaharibika zaidi, akiandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, chini ya gauni la bi harusi. Fundi akachagua bomba nene la stenlesi kwenye rundo la mabaki, akalikata, akalitoboa kwa drili huku sisi tukisimama mbali. Kwa bomba la pili la jiko hilo, ambalo lilikuwa bado zima lakini limeanza madoa, mama akasema atengeneze pia. "Kama moja imekufa, ndugu yake iko njiani."

Fundi alisisitiza jambo moja, na alilirudia hadi mama akaliandika: tusiwashe kabla ya kupaka povu la sabuni kwenye maungio na kuangalia kama linatoa mapovu, na tuwashie nje, mfuniko ukiwa wazi.

Tukafanya hivyo Nyamirambo, sisi watatu. Povu lilitulia. Mzee akawasha. Moto ukatoka wa manjano, mrefu, ukiyumba na kutoa masizi. Mzee akarudi nyuma kuutazama, mikono kiunoni.

"Huu moto una njaa," akasema. "Unakula wenyewe kwanza, nyama baadaye."

Alizima. Tukajaribu kipande kimoja hata hivyo, kwa tamaa, na kilitoka cheusi kama soli ya kiatu na ladha ya mafuta ya taa. Mama alikitafuna kwa heshima kisha akakitema kwa heshima.

Nilidhani watakata tamaa. Kesho yake nilipokea picha: mama huyohuyo, Gisozi, peke yake safari hii, amesimama karibu na fundi na tepu shingoni. Matundu yalikuwa makubwa. Fundi alikubali kosa lake bila kubishana, akatengeneza mengine mawili kwa matundu madogo zaidi, na akaja nayo mwenyewe Nyamirambo ili aone yakiwaka. Jumapili ile nilialikwa. Moto ulikuwa wa buluu, mfupi, umejipanga mstari kama wanafunzi asubuhi. Fundi aliinama akautazama kwa muda mrefu, kisha akasema neno moja tu la Kinyarwanda nililolielewa: "Byiza." Vizuri. Tukala mishikaki ya mbuzi, ambayo huko wanaiita burusheti, na ndizi za kuchoma, na pilipili ya mama iliyonifanya nilie mbele ya watu nisiowajua. Mzee hakumruhusu mtu mwingine kushika koleo. Alichoma kwa saa mbili, na mkewe, niliona, alikuwa akihesabu kimya kimya ni mara ngapi amekohoa.

Laiti ningeishia hapo. Lakini mwezi uliofuata alikuja bwana mmoja na bomba lililokatika palepale, jiko la mwaka uleule. Kisha dada mmoja mwenye mgahawa. Nikawapa wimbo wangu wa kutu, na nilipomaliza nikawaandikia kwenye kikaratasi namba ya fundi wa Gisozi. Mwezi mwingine wakaja wanne. Nikawa na vikaratasi tayari vimekatwa kwenye droo.

Bosi aligundua kwa njia ya shukrani. Yule bwana wa kwanza alirudi kununua friji, akamshika mkono mbele ya watu, akamwambia, "Asante sana kwa fundi wenu. Kazi yake ni bora kuliko jiko lenyewe."

Niliitwa ofisini saa tano asubuhi. Bosi alikuwa mtu mpole aliyekulia Kampala. Akikasirika alizidi kuwa mpole. Alikuwa ameweka kikaratasi kimoja mbele yake.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Unajua mteja akisoma hiki anaelewa nini? Anaelewa kwamba sisi wenyewe hatuamini tunachouza."

Nilitaka kusema mwihangane. Likakataa kutoka.

"Bosi, mimi nawaambia waranti haihusu kutu," nikasema. "Hilo nalisema kila siku. Lakini mtu akishaniuliza 'sasa nifanye nini', kijitabu hakina jibu."

 Kisha akafanya jambo nisilolitarajia. Akageuza kompyuta yake kunielekea. Zilikuwa barua pepe zake kwa msambazaji, nyingi, moja juu ya nyingine, kuhusu mabomba, kuhusu vipuri, kuhusu mzigo mwepesi. Jibu la mwisho lilikuwa linamshukuru kwa uvumilivu wake.

"Na mimi nina dawati langu la malalamiko," akasema. "Hakuna anayekaa hapo."

Hata hivyo alinipa barua ya onyo. Aliisaini mbele yangu, akaniomba nami nisaini, na tulifanya hivyo kama watu wawili wanaotia saini ya mazishi. Nilirudi dawatini. Nilikuwa sijawahi kupata barua ya onyo maishani; hata shuleni nilikuwa kiranja. Nilipompigia mama jioni kumsimulia, akaniuliza kama barua hiyo imechapwa kwenye karatasi ya risiti, maana akiiweka kwenye droo yake ya pasi itafutika.

Vikaratasi nikaviacha. Lakini siku chache baadaye bosi alipita karibu nami na kusema, bila kusimama, kwamba saa ya chakula cha mchana mimi si mfanyakazi wa duka, ni mtu tu. Nilielewa. Wateja wa majiko nikawa nawapangia miadi saa saba kamili, chini ya mti ulio karibu na kituo cha pikipiki, na huko tuliongea kama binadamu. Kwa wanaokuja kununua, sikusema ubaya. Niliwaomba tu wainue mfuniko wenyewe na wagonge ubavuni. Wengine walinunua hata hivyo; rangi ilikuwa nzuri na walikuwa na wageni wikiendi. Wengine waligonga, wakasikiliza, wakaenda kuangalia friji.

Kutoka kwenye msiba wa jiko lake mama alipata biashara ambayo hakuitafuta. Fundi wa Gisozi alikuwa amemwambia kwamba bomba lolote litachoka haraka jiko likinyeshewa, akamshauri alifunike. Akashona kifuniko cha turubai, mishono miwili kila upande, kamba chini kwa ajili ya upepo. Jirani akataka chake. Fundi akawa anawaelekeza wateja wake kwa mama, kama mimi nilivyowaelekeza kwake. Mwisho mama alikuja dukani akiwa na mfuko, nami kwa mazoea nikadhani kuna kilichoharibika. Alikuwa ameleta vifuniko vitano kumwonyesha bosi. Bosi alivuta mshono kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, kama anayetaka kuupasua. Akavuta tena. Vyote vitano vikabaki dukani, vikawekwa karibu na mlango.

Mwaka uliofuata duka liliacha kuleta majiko yale. Hakukuwa na tangazo. Nafasi yake ilijazwa na vikaango vya umeme visivyotumia mafuta, vyenye picha ya familia nyingine inayocheka, na kijitabu kipya. Nilikisoma kurasa mbili za kwanza nikakifunga. Miezi mitatu baadaye nikapata kazi kwenye kampuni ya usafirishaji mizigo huko Gatsata, ambako kazi yangu ni kuwaambia watu lori lao limefika wapi, na mara nyingi ninajua kweli.

Bosi aliniandalia soda siku ya kuondoka. Aliniambia ameirarua ile barua ya onyo, kisha akakumbuka kwamba nakala nyingine iko kwenye faili la mhasibu, akaahidi kuiomba.

Nyamirambo bado naenda, si kila Jumapili, lakini nyingi. Jiko lipo. Mpini wa mfuniko ulikatika, mzee akaubadilisha kwa kipande cha mbao ngumu alichokichonga mwenyewe. Magurudumu yalipasuka, sasa linasimama juu ya matofali na halihami. Kiwashio kilikufa siku nyingi; wanatumia kiberiti. Ukiondoa mfuniko na sanduku, sijui kama kuna kitu kilichobaki cha wale waliolitengeneza. Kifua cha mzee ni cha leo nafuu kesho hapana, ila mkaa ameuacha, na akiulizwa anasema ni yeye aliyeamua.

Wiki jana nilifika nikiwa na rafiki yangu wa kazini, Mkenya mmoja anayetaka kununua jiko la gesi. Nilimleta alione hili. Mama alimwonyesha kila kitu, akapiga magoti pamoja naye, akamwekea kidole kwenye vile vidonda vitatu. Mzee alikuwa tayari ameanza kuchoma. Mvua ikaanza kidogo, ya matone makubwa, sote tukakimbilia barazani isipokuwa yeye. Mama akamwambia aingie. Akasema mbuzi bado dakika tano. Mama akachukua mwavuli, akashuka akasimama karibu naye, akautanda juu ya jiko badala ya juu yao.